Wiki Mbili na Rasimu Mkobani: Mombasa hadi Lamu, 2010

Daftari hili limekaa kwenye sanduku la mama miaka yote hii. Nimelinakili karibu kama lilivyo. Majina ya watu nimeyaondoa, na pale nilipoongeza jambo la baadaye nimesema.

Ijumaa, 23 Julai. Mombasa

Mkoba nimeufunga nikaufungua mara tatu. Nguo hazina uzito, leso mbili na buibui moja zinanitosha. Kizito ni karatasi: nakala kumi na mbili za Katiba Inayopendekezwa, iliyotangazwa tarehe 6 Mei, pamoja na daftari hili.

Ilianza kama kazi ya chuo. Mhadhiri alitugawia sura za rasimu, kila mmoja ailinganishe yake na katiba tuliyo nayo tangu uhuru. Mimi nikaangukiwa na sura ya tano, ardhi na mazingira. Nilinung'unika, maana nilitaka ile ya haki za binadamu. Lakini niliingia maktaba nikaitafuta rasimu ya mkutano wa katiba wa Bomas ya 2004, nikaitafuta na ile iliyoangushwa kwa kura Novemba 2005, mwaka wa ndizi na chungwa, alama za Ndiyo na La, nikiwa kidato cha pili na sijui hata watu wazima walikuwa wakigombania nini. Nikazisoma zote tatu kwa pamoja, ukurasa kwa ukurasa. Kufikia Juni usingizi ulikuwa umenipaa. Nilikuwa nimeona kwamba maneno ya barazani kwetu kila jioni, ya mashamba, ya vitambulisho, ya kadhi, yote yamo ndani ya kitabu kimoja kinachogawiwa bure, na mtaani kwetu niliweza kuwahesabu kwa vidole waliokifungua.

Ndiyo sababu tunakwenda. Tuko watano, wanafunzi watupu, nauli tumechangishana. Njia yetu ni Kilifi, Malindi, Lamu, na turudi kabla ya tarehe 4 Agosti, kwa kuwa kila mmoja kajiandikisha kwao. Swali la kura ni moja tu, kama mtu anaikubali katiba hii au haikubali. Ndiyo ni kijani, La ni nyekundu. Mimi ni kijani na sifichi. Nimeishi Kenya ya Januari 2008, nimeona watu wakiuana kwa sababu ya kura na mamlaka yaliyorundikwa mahali pamoja, na sitaki kuiona tena.

Mama hataki niende. Hajasahau tarehe 13 Juni, milipuko ilipotokea kwenye mkutano wa kambi ya La pale Uhuru Park, Nairobi, na watu sita wakafa. Nikamwambia, "Mama, waliopigwa walikuwa upande wa La, mimi ni wa Ndiyo."

Akanitazama. "Nao wana mama zao," akasema.

Nikambusu mkono, nikanyamaza. Jioni alikuja mwenyewe na mahamri ya njiani, kayafunga kwa kitambaa.

Jumamosi, 24 Julai. Kilifi

Tulivuka daraja la Nyali jua halijapanda. Mtwapa, Kikambala, kisha Vipingo na mkonge wake, mistari iliyonyooka kama ya daftari, kilomita baada ya kilomita, na pembeni kabisa mwa barabara vijumba vya udongo na makuti vimebanana kama vinavyoomba radhi kuwapo. Nimeisoma sura ya tano miezi miwili. Leo niliiona ikipita dirishani.

Kilifi tulikuta mwembe karibu na soko, watu kama hamsini. Nilizungumza dakika ishirini bila kutazama karatasi. Kaunti 47. Seneti. Asilimia isiyopungua 15 ya mapato ya taifa kwenda kaunti. Watu wa jinsia moja wasizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Makofi yalipigwa, wenzangu wakanipongeza.

Halafu mzee muuza madafu, aliyekuwa akichonga dafu muda wote huo, akaweka panga chini. "Umesema vizuri, binti yangu. Sasa katika hayo yote, langu ni lipi?"

Nikaanza tena na kaunti 47. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akaokota panga lake.

Nimeandika swali lake juu ya ukurasa wa kesho. Usiku huu nimelala kwa shangazi yake mwenzetu mmoja, na bado linanikera: nilikuwa na kitabu kizima mkononi, na sikumuuliza anaishi wapi, ana nini, amekosa nini.

Jumapili, 25 Julai. Malindi

Mwenzangu wa Voi, Mkristo, ndiye aliyetuombea nafasi ya kuzungumza baada ya ibada. Niliingia na buibui langu nikakaribishwa kiti cha mbele. Nilijua wataniuliza kuhusu mimba, na usiku nilikuwa nimejiandalia majibu makali.

Sikuyatumia. Lile la muuza madafu lilikuwa limenikaa, basi nikaona nianze kwa kusoma. Nikasoma kifungu cha 26 chote, polepole, nikitafsiri: kila mtu ana haki ya kuishi, uhai unaanza mimba inapotungwa, mtu asinyimwe uhai kwa makusudi ila kwa kadiri sheria inavyoruhusu, na utoaji mimba hauruhusiwi isipokuwa, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine iliyoandikwa ikiruhusu.

Kulikuwa kimya. Mama mmoja akasema hilo la uhai kuanza mimba inapotungwa hajawahi kusomewa. Kijana mmoja wa upande wetu akakiri kwamba naye hilo la sheria nyingine hakulijua. Mchungaji akasimama, akasema neno "afya" ni pana mno, mtu anaweza kupitisha lori ndani yake. Nikamwambia ni kweli, ni pana. Akasema atapiga La. Nikasema nimemwelewa. Tukanywa chai pamoja, akatuombea safari njema, na aliomba kweli, akitaja Lamu na barabara yake.

Nje mwenzangu wa Voi akaniambia, "Leo umesema machache kuliko jana." Alimaanisha sifa.

Jumatatu, 26 Julai. Kijiji bara ya Malindi

Pikipiki tatu, vumbi hadi kwenye kope. Kijiji hiki ni cha Wagiriama, kiko ndani ya shamba lenye hati, na mwenye hati haishi hapa. Wazee wawili niliowauliza hawajawahi kumwona kwa macho, wanamjua kwa wakala anayekuja kukusanya ijara. Chimbuko lake nalijua kwa vitabu: sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, iliyotaka kila mwenye dai ukanda wa pwani ajitokeze aandikishe. Waliojua kusoma na waliokuwa na wakili wakaandikisha. Wengine wengi ardhi yao ikahesabiwa kuwa haina mwenyewe, ikawa ya serikali ya Mwingereza, na waliozaliwa juu yake wakawa maskwota bila kuhama hata hatua moja.

Tulikutana chini ya mkorosho. Mkutano ulipokwisha bibi mmoja, ambaye kijana mwenyeji wetu humwita hawe, yaani bibi kwa Kigiriama, alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba yake. Alinionyesha makaburi. La mumewe, la mama mkwe, na mengine yaliyobaki mawe tu. Kando yake minazi minne. Akasema mumewe aliipanda usiku, kwa sababu wakala alikataza mimea ya kudumu, na ilipochipua ikabidi waifunike matawi mpaka ikawa mirefu ya kutofichika. Nyumba ni ya udongo kwa sababu hiyohiyo. Mawe hayaruhusiwi. Alipiga ukuta wake kwa kiganja, vumbi jekundu likabaki mkononi, akanionyesha kiganja hicho kama mtu anayeonyesha hati.

"Kitabu chako kikipita," akaniuliza, "nitapewa karatasi ya hapa?"

Nikasema, "Ndiyo, hawe. Kuna tume itakayochunguza dhuluma za ardhi za zamani, iwarudishie watu haki yao."

Aliwaita wenzake akawaambia kwa Kigiriama. Vigelegele vikapigwa. Tulirudi Malindi tukiimba juu ya pikipiki. Nimeandika pembeni ya ukurasa: *Leo nimejibu swali la muuza madafu.*

Jumanne, 27 Julai. Njiani

Basi alfajiri. Lami iliishia Garsen, na kuanzia hapo ni mitetemo. Askari wawili wenye bunduki walipanda, maana njia hii ina historia ya majambazi, na abiria wakaendelea kula mayai kana kwamba wamepanda makondakta. Witu tulinunua maembe. Mokowe tulishuka tukiwa rangi moja sote, tukaingia botini, na upepo wa bahari ukatufuta vumbi usoni kabla hatujafika gatini Lamu. Sina nguvu ya kuandika zaidi.

Jumatano, 28 Julai. Lamu

Hakuna gari hapa, ni miguu na punda. Vichochoro ni vyembamba, na sauti ya mtu hukufikia kabla yake.

Asubuhi wanawake walinikaribisha ndani, tukakaa ukumbini kwa kahawa na tende. Sikuhutubia. Niliuliza kila mmoja ana shida gani na serikali. Walisema mpaka adhuhuri. Karibu yote yalikuwa vitambulisho: kupigwa maswali ya babu na babu wa babu, kurudishwa, kuambiwa njoo mwezi ujao kwa sababu ya jina tu.

Mmoja aliolewa na mtu wa Yemeni. Watoto wake watatu walizaliwa Aden, baba akafariki, naye akarudi nao kwao. Kwa katiba ya sasa, mtoto aliyezaliwa nje huwa raia kupitia baba. Mama hahesabiki. Vijana wake wakubwa sasa, hawawezi kufungua hata akaunti ya benki.

Nikamfungulia kifungu cha 14: mtu ni raia wa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama yake au baba yake ni raia, awe amezaliwa Kenya au nje. Akanitaka nirudie. Nikarudia. Halafu akauliza kitu ambacho mhadhiri angejivunia: "Na waliokwisha kuzaliwa?" Sikujibu kwa kichwa, nilishuka kwa kidole hadi kifungu kidogo cha pili, na kipo, kinasema hayo yanawahusu pia waliozaliwa kabla. Nilipomsomea aliinua pindo la mtandio akajifuta, akaomba nimkunjie pembe ya ukurasa ule. Nilimwachia nakala nzima.

Baada ya alasiri, wanaume wa barazani pwani walikuwa na hasira juu ya kadhi. Mwezi Mei Mahakama Kuu Nairobi ilitoa uamuzi kwamba mahakama za kadhi ndani ya katiba ya sasa ni kinyume cha katiba, na huku makanisa mengi yanazipinga ndani ya mpya. Mzee mmoja alianza mbali: mkataba wa 1895 baina ya Mwingereza na Sultani wa Zanzibar, ukanda wa pwani wa maili kumi, ahadi za 1963 za kuzilinda mahakama za kadhi. Anayajua kama mtu anavyojua watoto wake. Niliwasomea kifungu cha 170: mamlaka ya kadhi ni hali ya mtu kisheria, ndoa, talaka na mirathi, pale pande zote ni Waislamu na wamekubali mahakama hiyo. "Basi hawa wanaogopa nini?" akauliza. Mwenzangu wa Voi akajibu kwamba wengi hawajui kuwa kifungu kina mipaka hiyo, na kwamba yeye mwenyewe hakujua mpaka juzi.

Mvuvi mmoja aliuliza habari ya bandari kubwa inayosemwa itajengwa. Nikamsomea haki ya mazingira safi, kifungu cha 42, na ushiriki wa wananchi, kifungu cha 69. Akasema, "Maneno mazuri," akarudi kwenye nyavu. (Nimeongeza baadaye: mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya bandari hiyo, na vifungu vya katiba ndivyo walivyoshika. Nilimkumbuka sana siku ile.)

Alhamisi, 29 Julai. Lamu

Leo nimejifunza jambo ambalo chuo hakikunifunza.

Tulielekezwa kwa mwalimu mstaafu, amefundisha nusu ya mji huu. Alikuwa amekaa dakani, miwani imefungwa kwa uzi. "Ndoo, kaa kitako," akaniambia kwa Kiamu, yaani njoo, kisha akanyoosha mkono kutaka nakala yangu. Hakufungua mwanzo. Akaenda moja kwa moja kifungu cha 24, akasoma kwa kidole, neno kwa neno. Mwezi Mei ziligunduliwa nakala zilizochapishwa zikiwa zimechomekwa maneno ya usalama wa taifa katika kifungu hicho, maneno mawili tu kwa Kiingereza, yangetosha kuinyang'anya sura nzima ya haki meno yake. Zikasimamishwa. Mwalimu alikuwa akihakikisha yangu ni salama. Ni salama.

"Wewe umesomea sura gani?"

"Ya ardhi, mwalimu."

"Hebu nisomee hiyo tume inayosemwa."

Nikamsomea kwa kichwa, kama nilivyosema kijijini: tume itachunguza dhuluma za sasa na za zamani za ardhi, na kuwapa watu haki yao.

Akanirudishia kitabu. "Kwa macho."

Kifungu cha 67, kifungu kidogo cha pili, aya ya *e*. Kidole changu kilienda nalo: kuanzisha uchunguzi, kwa hiari yake au kwa kulalamikiwa, juu ya dhuluma za ardhi za sasa au za kihistoria, na kupendekeza fidia ifaayo.

Kupendekeza.

Nilisoma mara mbili. Neno lile nimelipita mara mia. Nimelipigia mstari kwa kalamu nyekundu mwezi Mei. Na mahali fulani kati ya maktaba na ule mkorosho nililidondosha, nikaweka neno nililolipenda mimi. Tume haitoi hati. Inachunguza, inapendekeza, kisha lazima awepo mwingine wa kutekeleza. Na yule bibi aliwaita wenzake.

Nilimweleza mwalimu. Hakunikemea. Aliuliza ni mbali kiasi gani, nikamwambia, akasema, "Basi bado mapema," akaniagizia kahawa.

Usiku tumebishana. Mmoja wetu anasema tuliache, sababu kura ni Jumatano na kijiji kile kizima kilikuwa kimeshaamua kijani. "Ukirudi kuwatilia shaka, utawapeleka nyekundu kwa mkono wako." Mwingine anasema mapendekezo ya tume ni bora kuliko hakuna tume, kwa hiyo sikusema uongo mkubwa. Nimesikiliza yote. Nadhani wana hoja. Lakini nimeona kiganja kile chenye vumbi. Mtu aliyenyimwa ardhi kwa karatasi asiyoweza kuisoma, mimi nimekwenda kumsomea karatasi nyingine vibaya.

Kesho narudi. Mwenzangu wa Voi amesema tutakwenda wote wawili, waliobaki wamalizie Shela na Matondoni.

Ijumaa, 30 Julai. Malindi

Boti gizani, basi, vumbi. Kutwa nzima nilikuwa nikitafuta namna ya kulisema. Nililiandika kwa njia nne hapa nikazikata zote.

Jumamosi, 31 Julai. Kijiji bara ya Malindi

Hawe alikuwa akipura mahindi. Aliponiona alicheka, akadhani nimekuja na karatasi.

Niliomba waitwe wale wa Jumatatu. Walikuja kama thelathini. Nikasimama chini ya mkorosho uleule, magoti yananicheza, nikasema, "Wazee wangu, Jumatatu niliwaambia neno ambalo halimo. Nimerudi kuwasomea lililomo." Nikamwomba kijana mwenyeji asimame kando yangu na nakala yake, anayejua kusoma, afuatilie ili asinitegemee mimi. Nikasoma. Yeye akatafsiri kwa Kigiriama, na alipofika kwenye "kupendekeza" ilibidi atafute. Wazee wakamsaidia. Walilizungusha lile neno miongoni mwao kwa muda, kama watu wanaopima samaki.

Kwanza alisimama mtu mmoja kwa hasira, akasema wanasiasa huwadanganya kabla ya kura, lakini huwa hawarudi, kwa hiyo mimi ni wa aina gani. Sikujua kama anatukana au anauliza. Akaketi.

Kisha mzee wa mtaa akataka kusikia na vingine. Tulikaa saa tatu. Nilisoma kifungu cha 60, ufikiaji wa ardhi kwa usawa. Nikasoma cha 65, kwamba asiye raia atamiliki kwa kukodi tu, si zaidi ya miaka 99. Nikasoma cha 68, Bunge litunge sheria ya kiwango cha chini na cha juu cha ardhi binafsi, nikasema wazi kwamba sheria hiyo bado haijaandikwa. Kila kifungu waliuliza maswali mawili: nani atafanya, na asipofanya je? Mengine nilijua. Mengine nikasema sijui, na nikaandika. Nilishangaa kwamba "sijui" haikuwavunja moyo. Baada ya ile ya kwanza, walianza kuniuliza mengi zaidi.

Hawe hakusema kitu. Mwisho alinijia. "Kwa hiyo hiyo tume, mtu akilalamika wanakuja?"

"Kifungu kinasema wanaweza kuanza kwa kulalamikiwa, hawe. Kuja kwao siwezi kukuapia."

"Leo hii nikalalamike wapi?"

Nikafikiri. Chifu anamjua wakala. Mahakama inataka hati. "Leo hakuna mahali," nikasema.

Akatikisa kichwa. Akachukua nakala, akanitaka nimwonyeshe ni ukurasa gani. Kusoma hajui. Nikamkunjia pembe kama nilivyomkunjia yule mama wa Lamu, lakini hakuridhika, akavunja kijiti cha mwarobaini akakilaza katikati ya kurasa, kisha akakifunga kitabu ndani ya pindo la leso yake pamoja na pesa zake.

Hakuniambia atapiga rangi gani. Sikumuuliza.

Tulipokuwa tukingoja pikipiki, kijana mwenyeji alichukua namba yangu.

Jumapili na Jumatatu, 1 na 2 Agosti. Mombasa

Nyumbani. Mama alinitazama uso, akasema nimekonda na nimekua, kwa pumzi moja. Nimelala. Nimefua. Nimeisoma sura ya tano upya kutoka neno la kwanza, kwa sauti, kwa Kiswahili, ndugu yangu mdogo akifuatilia kwa Kiingereza na kunisimamisha kila nilipoteleza. Alinisimamisha mara tisa.

Jumatano, 4 Agosti. Mombasa

Ni kura yangu ya kwanza. Foleni saa kumi na moja alfajiri, wanawake upande wetu wakiwa na vibao vya kukalia. Bibi jirani, aliyenilea nusu ya utoto wangu, alikuwa mbele yangu. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kijani italeta maji bombani. Nikamwambia kifungu cha 43 kinasema maji safi ni haki ya kila mtu, na kwamba bomba ni la watu tutakaowachagua baadaye. "Afadhali umeniambia," akasema, akaingia.

Karani alitafuta jina langu kwa rula. Karatasi ilikuwa ndogo kuliko nilivyodhani. Niliisoma yote kabla ya kuweka alama, hata sehemu nilizozijua. Wino wa kidoleni umekataa kutoka kwa sabuni, na sijajitahidi sana kuutoa.

Alhamisi, 5 Agosti. Mombasa

Imepita. Walioikubali ni zaidi ya milioni 6, walioikataa karibu milioni 2.8. Katika mikoa minane ni Bonde la Ufa peke yake lililosema La. Mtaani honi zilianza kabla tangazo halijamalizika, na mama alitoka mlangoni na sufuria na mwiko akipiga kama watu wa harusi.

Mimi nilikuwa jikoni simu ilipolia. Namba ngeni. Alikuwa yule kijana wa kijijini, nyuma yake nasikia watu wengi wanaongea.

"Hawe anakusalimu," akasema. "Anauliza, hiyo tume inafunguliwa lini, na ofisi itakuwa wapi, Malindi au Mombasa?"

(Nimeongeza baadaye: makamishna wa Tume ya Taifa ya Ardhi waliapishwa mwaka 2013.)

Nikamwambia sijui bado, anipe siku chache niulizie. Nikasikia akimweleza kwa Kigiriama, na yeye akijibu kwa maneno marefu. "Anasema sawa," kijana akaniambia. "Anasema kijiti bado kiko palepale."

Nikavuta daftari, nikafungua ukurasa mpya, nikaandika swali lake.